Neema na Kuku wa Nyanya Yake

Jumamosi jioni

Na nilivyokuwa nimejitayarisha kugombana!

Tangu mgeni achinjiwe kuku wa Neema, binti yangu wa miaka sita, mtoto hagusi nyama. Mama mkwe amekuwa akinipigia simu kutoka Malava kuniambia namkondesha mjukuu wake. Leo akaja mwenyewe, kuku mzima kwapani.

"Mtoto wa Mluhya anakataa ingokho, nyama ya kuku?" akauliza hata kabla ya kuketi. "Sasa wewe unamlishanga nini?"

Iliniuma, kwa sababu swali hilo najiuliza kila siku. Mboga ya mrenda aliitema. Ndengu anakula siku mbili, ya tatu amezichoka.

Nilikuwa naponda mushenye wa maharagwe na viazi vitamu, na Neema akaja kunisaidia. Akaufinyanga vidonge vidogo, akavibingirisha kwenye simsim niliyokaanga. Alikula sita. Nilimtazama kwa pembe ya jicho, nikijifanya naosha sufuria.

Cha saba akampelekea nyanya yake, anayemwita Kukhu. "Kukhu, kula. Hapa hakuna mtu amechinjwa."

Mama mkwe akakigeuzageuza kidonge mkononi. Nikajua sasa ndio ugomvi... Lakini akakila, akalamba vidole, akaomba kingine.

Bado nina wasiwasi. Miguu ya Neema ni myembamba, na sijui kama maharagwe yatatosha.

Yule kuku tulimfunga kwenye mguu wa meza. Nilipoenda kufunga jikoni nikakuta kamba imefunguliwa, na mama mkwe amechuchumaa anammwagia mahindi.

"Huyu," akasema bila kuniangalia, "atakuwa wa mayai."