Nimeifungua Spana ya Athmani

Jumapili, Kibokoni. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya Julai imenivalisha koti juu ya kanzu. Moyo mwepesi, ingawa asubuhi haukuwa hivyo.

Leo nimeifungua spana ya Athmani.

Athmani ni mume wa binti yangu Zuhura, fundi wa mitambo katika karakana moja kule Kilindini. Spana si yake, ni ya kazini. Ni ile ya kisasa yenye gurudumu la meno tumboni: ukiivuta inakaza nati, ukiirudisha inalia tik-tik bila kuilegeza. Majuma mawili yaliyopita aliomba ruhusa aje nayo kutengeneza pampu ya kisima cha msikiti wetu. Jana ikakataa kushika. Mkono unazunguka bure, mbele na nyuma.

Kesho asubuhi vifaa vinahesabiwa, na tangu vita vianze spana kama hii haiji tena kwa meli. Athmani amekwisha kuonywa mara moja kwa tupa iliyopotea. Onyo la pili ni kufukuzwa.

Leo asubuhi alinikabidhi spana bila kunitazama usoni. Zuhura akaniambia kando kwamba mumewe hajatia kitu mdomoni tangu jana. Anaamini ameyavunja meno yale kwa kuivuta kwa nguvu kupita kiasi.

Mimi sikuwa na hofu. Nimetengeneza saa zaidi ya miaka thelathini katika mji huu, na spana hii, kwangu, ni saa iliyonenepa tu. Nikatandika kitambaa cheupe mezani, nikatoa skrubu mbili na kifuniko, kila kipande nikakilaza kwa mpango wa kutoka kwake.

Chini ya kifuniko palikuwa na uji mweupe uliochanganyika na vumbi. Nikaunusa.

Mafuta ya nazi.

Aliyeyatia ni mimi. Alhamisi niliiona spana barazani, nikaizungusha, nikasikia inakwaruza, nikaimiminia chupa ya jikoni. Kule Siu, nilikotoka miaka arobaini sasa, baba yangu alizitia mafuta hayo kufuli zote za nyumba kila Ijumaa. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, lakini mkono wangu bado unaishi kule. Kwenye saa sithubutu kufanya hivyo. Kwa chuma kikubwa, mkono uliamua bila kuniuliza.

Na kwa baridi hii mafuta yameganda kama samli. Kile kiulimi cha chuma kinachosukumwa na springi ili kiyashike meno kilikuwa kimenata shimoni mwake. Meno yenyewe mazima, hata moja halikupukutika.

Niliviosha vipande vyote kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, nikavikausha, nikakipaka kiulimi tone moja la mafuta ya cherehani. Mara ya kwanza nilikirudisha kichwa chini, spana ikakwama kabisa kama jiwe. Nikafungua tena. Mara ya pili nikaijaribu kwenye nati ya kitanda changu cha chuma. Ikashika. Ikarudi ikilia.

Ningeweza kunyamaza. Mkwe wangu angenibusu mkono na kunishukuru, naye angeendelea kuamini ana mkono mzito usiofaa kazi.

Baada ya alasiri nilimwita barazani. "Hukuvunja kitu, mwanangu," nikamwambia. "Ni mimi niliyeitia mafuta ya nazi."

Akanitazama, akaitazama spana, akanitazama tena.

"Baba," akasema taratibu, "hii ni spana, si kichwa cha bi harusi."

Zuhura, ndani, akauliza kama hata saa za watu nazisuka nywele. Nikawaacha wacheke. Nilistahili.

Athmani aliizungusha spana ile mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akaiweka chini, akaikunjua mikono yake, akaiangalia. Akaomba chakula. Alikula sahani mbili za wali na mchuzi wa papa.

Kesho ataikabidhi. Nimemwambia wakimuuliza lolote alitaje jina langu, nami nitakwenda Kilindini kwa miguu yangu kuwaeleza. Lakini sidhani kama wataniita.