Kumrudishia Brylee Mpira

Jumatatu, 8 Septemba

Leo tena, mazoezi ya softiboli. Mara nne. Naudaka mpira vizuri nyuma ya mpigaji, nainuka, namtazama Brylee pale anaporushia – hatua kumi na tano tu! – na mkono unakataa. Mpira unaangukia miguuni pangu au unampita juu ya kichwa. Mpinzani akichomoka mbio kuiba kituo cha pili, mbali mara mbili, naurusha umenyooka kama uzi. Hapo sina muda wa kufikiri. Huu mwingine, wa kumrudishia tu mrushaji wetu, ambao hata mtoto wa chekechea angeuweza, ndio unanishinda.

Wasichana walicheka. Wanadhani nafanya mzaha. Nikacheka nao.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia Brylee. Yeye tu. Tulikaa kiti cha nyuma kwenye basi, vumbi jekundu hadi masikioni. Akauliza tangu lini. Tangu Julai, nikasema.

"Na mimi muda wote huu najua una shabaha mbovu tu," akasema.

Halafu akafikiri, akasema nisiurushe kabisa. Nimpelekee mkononi, kama vile nina neno la kumwambia. "Wewe njoo, chezesha mdomo. Mimi nitatikisa kichwa."

Ameapa hatamwambia mtu. Kocha wetu asijue. Mama ndiyo kabisa. Ameshawatangazia watoto wote wa basi la shule analoendesha kwamba binti yake atachezea timu ya chuo.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumeshinda 4–1! Mbinu imekubali. Nilimwendea Brylee labda mara themanini, miguu inawaka. Refa alinung'unika nifanye haraka. Mara nyingine Brylee aliniuliza nitakula nini nikifika nyumbani, nami nikamjibu kwa uso wa vita: viazi.

Jukwaani palikuwa na mwanamke mwenye kofia ya kijani na daftari. Hakumtazama mwingine yeyote ila mimi.

Ijumaa, 12 Septemba

Yule mwanamke ni Kocha Haskins. Nimeviandikia vyuo kumi na moja kuomba nafasi timuni na yeye peke yake ndiye aliyekuja. Amempigia Mama simu, na Mama akaiweka sauti ya juu ili nisikie.

Amesema wadakaji wenye mkono wa nguvu anao wengi wa kuchagua. Kilichompendeza ni jinsi ninavyomwendea mrushaji wangu. "Kila mpira, mama. Anamfuata, anamtuliza. Kitu hicho sijawahi kukifundisha mtu kikaingia."

Mama alilia pale jikoni, kashika kitambaa cha vyombo. Na mimi nililia. Akadhani ni furaha.

Haskins ananitaka Jumamosi ya wiki ijayo, siku nzima uwanjani kwao, niwadakie warushaji wake. Amebakiwa na nafasi moja ya mdakaji. Wasichana wawili tunaitaka.

Ameiona hofu yangu akaiita moyo mzuri. Nifanyeje sasa?

Jumanne, 16 Septemba

Nimerusha mipira mia kwenye ukuta wa banda. Yote imefika sawasawa! Nikamwita Brylee asimame pale pale ukutani. Wa kwanza ukaenda kwenye nyanya za jirani. Wa pili pia.

Brylee akavua glavu. "Mwambie Haskins."

Nikasema nikimwambia ataniacha.

"Na usipomwambia ataona kwa macho yake. Mimi sitakuwepo Jumamosi, unalijua hilo?"

Nikamwambia ni rahisi kwake, yeye chuo alishapata. Akaondoka bila kuaga. Nilisema vibaya, najua. Lakini sijamtumia ujumbe.

Ijumaa, 19 Septemba

Mama amekaanga kuku, akamwaga mchuzi mweupe juu, chakula changu kile nikipendacho. Nilikiacha mezani. Nimemwandikia Haskins kila kitu kwenye simu, mistari sita. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandikia chooni, uwanjani kwao. Mama yuko jukwaani, kavaa kijani.

Wamenipa mrushaji anayeitwa Odessa, mrefu, mkimya. Mpira wake wa kwanza niliudaka vizuri. Nikaurudisha – ukampita juu, ukagonga uzio. Akasema ni joto, usijali. Wa pili nikampelekea mkononi. Akanitazama usoni, akauliza kuna nini. Nikamwachia mpira, nikarudi mbio. Wa tatu nikampelekea tena.

Haskins akaita kutoka pembeni, anatabasamu kabisa. "Vizuri, mwanangu, msemeshe! Ila leo warushaji ni sita, kwa hiyo urushe tu, twende haraka."

Nikaomba kwenda chooni. Mwandiko wangu siutambui. Upande wa pili nasikia yule mdakaji mwingine anarudisha mipira. Pa. Pa. Pa. Hata hafikirii.

Mtu anagonga. Ni Odessa. Anasema Kocha ananiulizia.

Nimesema naja.

Hajaondoka. Anasema kwa sauti ndogo kwamba mwezi wote huu hajarusha vizuri, kila akishika mpira anaogopa, na hajamwambia mtu. Haskins amemwambia leo anamletea msichana anayejua kumtuliza mrushaji. Anauliza huwa nawaambia nini.

Viatu vyake naviona chini ya mlango. Anangoja nijibu.