Ziwa Lisilo na Sauti

Almaty, Jumatano baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Raya, mdogo wangu, weka karatasi chini kwanza, mbusu Baba mkono kwa niaba yangu, halafu paji la uso, na usifanye haraka haraka kama karani anayepiga muhuri. Haya, sasa endelea kusoma.

U hali gani Baba? Kifua kimetulia? Joto la Ibra limepungua, au bado mnashinda ndani na mapazia yamefungwa? Mimi sijambo, alhamdulillah. Nakula, nasali, nalala. Huku asubuhi navaa sweta wakati nyinyi mnamwagia uwa maji upoe. Mungu ana mambo yake.

Barua hii anaileta Bi Nasra wa Mudhaibi, mama mtu mzima niliyemtembeza huku siku kumi, kwa kazi yangu hii ya kuongoza wageni, pamoja na wanawe na mkwewe. Anaondoka kesho, na kaniahidi atakuja nyumbani mwenyewe. Mpikieni kahawa nzuri na mjitayarishe, maana ulimi wake haujui kituo. Ana mfuko wa matufaha makavu, na asali ni yako wewe, Raya asiiguse. Najua ningeweza kupiga simu. Lakini wewe ndiye uliyesema ya simu yanaingia sikio hili yanatokea lile, barua mtu husomewa mara mbili. Na picha sikuleta hata moja, kwa sababu nilipokuwa nafunga mizigo uliniambia, "Usiniletee picha, Zuwena. Niletee sauti na harufu, hivyo bado navimudu."

Sasa, kabla ya khabari za huku, nina neno. Mama kanipigia. Kanambia siku ya operesheni yako ni Jumapili ya wiki ijayo, na karatasi ya hospitali umeitia mtoto wa meza, chini ya miwani yako ya zamani. Umewaambia, "Nimeshaona vya kutosha. Nimeiona Unguja, nimeiona Ibra, nimewaona watoto wangu wakikua. Kilichobaki nitakisikia." Nilimuuliza Mama bei ya nguru, nikakata simu. Nilikasirika Baba, sikufichi. Nilizunguka chumbani nikagombana na kiti. Basi nimeona nikutajie kwanza nilivyovisikia, na hilo neno nitalirudia.

Nyika ipo, Baba. Ile uliyonichorea ukutani kwa chaki ya kijani nilipokuwa darasa la pili, Mama akakugombeza wewe na mimi pamoja. Ulisema kuna nchi imelala chali, haikunji hata goti, mtu akisafiri kutwa anakuta bado yupo pale pale. Miaka yote uliyosomesha jiografia hukuwahi kufika, na hukukosea. Tumekwenda kwa gari kutoka asubuhi hadi adhuhuri na sikuona kitu cha kunizuia jicho. Harufu yake ni ya pakanga. Ukishuka garini ukakanyaga tu, inapanda, chungu na safi, kama ule mkono wa Bibi alipokuwa akitufukiza tukiwa na homa. Na upepo wake haupigi mlango wala mti, kwa sababu havipo. Unapita sikioni ukaendelea na safari yake.

Tukafika kwenye kilima cha mchanga wanachosema kinaimba. Bi Nasra akaweka mikono kiunoni. "Mwanangu, mimi wa Sharqiya. Mchanga nimezaliwa nao mlangoni, nimeufagia maisha yangu yote. Nimepanda ndege kuja kutazama mchanga?" Nikamwambia apande tu. Akapanda huku akilalamika, na juu kule nikawaambia wote wakae kitako wateleze. Lo! Kilima kikanguruma. Mlio unatoka chini, unaingia kwenye nyayo, unapanda hadi meno, kama mashine ya kusaga ya jirani yetu wa zamani, ila huu ulikuwa mzito na wa taratibu. Bi Nasra alipofika chini alikuwa na mchanga hadi ndani ya shela. Akaukung'uta, akasema, "Huyu anamdhukuru Mola wake." Akataka kupanda tena.

Siku ya pili tulikwenda kwenye korongo la Charyn, refu, kuta zake zimesimama huku na huku. Mkwewe Bi Nasra akaadhini adhuhuri mle ndani. Sauti ikenda ikarudi, ikenda ikarudi, tukawa kama tuna waadhini wanne wanaofukuzana. Wazungu waliokuwa wakipita wakasimama na kofia zao mkononi. Nilikukumbuka pale, Baba.

Sehemu hii, Raya, usimsomee Shangazi. Njiani tulialikwa kwenye hema la kienyeji, la mviringo, limefunikwa kwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, ndani kuna joto zuri na harufu ya mafuta. Mama mwenye hema akatusalimia "Assalamu alaikum" safi kabisa, akatandika maandazi, wallahi maandazi, ila hayana iliki. Mimi nikatoka kwenda kuuliza njia kwa dereva. Kurudi, namkuta Bi Nasra keshamaliza bakuli zima la maziwa meupe, anafuta mdomo. "Laban yao kali," kasema, akidhani ni mtindi wa kwetu, "lakini inaburudisha." Toba! Yalikuwa maziwa ya farasi yaliyochachushwa, na wenyewe husema yana ulevi kidogo. Kosa langu, ningewaambia mapema. Nilipomweleza alipiga astaghfirullah mpaka hema likatikisika, akatubia kwa sauti, kisha akaniuliza pembeni, "Na hayo maziwa ya ngamia yao je, nayo ni hivyo hivyo, au hayo naweza?" Tulicheka mpaka mwenye hema naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Wewe utatoa fatwa yako, ila mkumbuke hakujua.

Nimekusimulia Bi Nasra huyu kwa sababu. Baba, Bi Nasra alikuwa haoni. Miaka mitatu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikataa operesheni kama wewe, kwa maneno karibu hayo hayo. Nilimuuliza nini kilimbadilisha. Akanijibu, "Siku moja mjukuu wangu kaja kunisalimia, nikamwita kwa jina la nduguye. Akanyamaza, akanibusu, akenda zake. Hakunisahihisha, maskini, kanionea huruma. Nikasema basi, sitaki kuonewa huruma na mtoto niliyemwosha mimi." Wiki ile ile alikwenda hospitali ya Nizwa. Anasema aliogopa sana, na jicho lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko kupika wali.

Najua lako si kama lake. Yeye alikuwa na macho mawili ya kuhatarishia, wewe la kushoto lilikwenda zamani kwa presha ya jicho, umebaki na la kulia peke yake, nalo ndilo lenye mtoto wa jicho. Unaona kinuru kidogo dirishani asubuhi, unaogopa nacho kisije kikaondoka. Hivyo ndivyo ilivyo, siyo kwamba umeona vya kutosha. Mwanaume aliyenifungulia atlasi kila Ijumaa akaniuliza leo tunakwenda wapi, huyo hatosheki. Hukumwambia mtu kwamba unaogopa, na mimi nakwambia kwamba naogopa. Naogopa Jumapili ile kuliko wewe. Lakini naogopa zaidi kuja nyumbani mwakani ukaniita Raya, nami nikanyamaza.

Unakumbuka nilipokuwa na homa na nisitake dawa? Ile nyeupe, chungu, ya kijiko. Nilifumba mdomo kama kaa. Wewe hukunishika pua kama Mama. Ulikaa ukingoni mwa kitanda ukaanza hadithi, mtoto wa mfalme kakatazwa mlango wa saba, kaenda, kashika ufunguo, kautia, kauzungusha, mlango umeanza kulia, na hapo hapo unanyamaza unaninyooshea kijiko. "Meza kwanza." Nililia, nikakutukana, nikakugeuzia mgongo. Siku moja nilishikilia mpaka magharibi. Nikashindwa. Nikameza.

Basi nisikilize, hiki ndicho cha mwisho.

Siku ya mwisho niliwapeleka ziwani, Kaindy, juu milimani. Barabara ni mbovu, gari la kawaida halifiki, tukapanda gari gumu la zamani lililo na umbo la mkate, nasi tukawa kama njugu ndani ya kopo. Kutoka garini mtu anateremka kwa miguu katikati ya misonobari. Nina desturi yangu na wageni. Hatua za mwisho nawafumbisha macho, nawashika mkono, nawafumbua pale ukingoni. Bi Nasra akanitolea macho yake yote mawili. "Mimi? Nimefumba miaka mitatu, wewe unataka nifumbe tena? Thubutu!" Akakaza shela, akatangulia.

Nilitaka nikuletee sauti ya ziwa lile, Baba. Nimejaribu, haki ya Mungu. Nilikaa juu ya jiwe nikafumba macho mimi mwenyewe, nikategea sikio. Hakuna. Maji hayapigi ukingo, ndege hawalii. Nikavuta pumzi, hakuna harufu ila ya baridi. Nikatia mkono, yakanichoma vidole, basi. Hakuna hata kimoja cha kukutilia kwenye barua. Mahali pote pengine nilipata cha masikio yako, hapa nimekosa.

Lakini kabla sijakaa juu ya jiwe lile, Bi Nasra alikuwa keshafika ukingoni mbele yangu. Yeye ambaye hakunyamaza tangu nilipompokea uwanja wa ndege, alinyamaza. Nikadhani ameumwa, nikamkimbilia. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza, machozi yanamtiririka kwenye yale macho yake mapya, akanyoosha kidole katikati ya ziwa. Nikatazama anaponionyesha. Na ndani ya maji yale, Baba, kilichokuwa kimesimama pale

Meza kwanza.

Mama, shikamoo, nakushukuru kwa simu, na ile karatasi itoe mtoto wa meza uiweke juu ya meza. Shangazi anayekaa nyumba ya nyuma, aliyenifunza kusoma Kurani, msalimieni, na la maziwa likimfikia, mwambieni sikunywa mimi. Salamu kwa jirani yetu muuza halua, ambaye ndiye atakayewapeleka Nizwa kwa gari lake kama Mama alivyonambia. Raya, Jumapili usiende kazini, kaa naye, na usimwambie "usiogope," haisaidii. Mshike mkono tu.

Bi Nasra nimemwapisha. Atakwambia kila kitu, maziwa ya farasi na yote, ila la ziwa hatofungua mdomo. Usijisumbue kumhoji, keshakula yamini. Wala usimtume Raya akatazame kwenye simu akusimulie, nakujua.

Mimi nimeshaomba ruhusa kazini. Siku watakapokufungua bendeji nitakuwepo, nitakaa pale pale ulipokuwa ukikaa wewe, ukingoni mwa kitanda, na picha ya ziwa mkononi.

Mwanao anayekupenda na kukuogopea,
Zuwena