Ganda Lililojazwa Mara Mbili

Babu yangu,

Kabla sijaendelea nakuomba siri. Haya yote yabaki kwako. Hata Bibi, kama mko pamoja huko, usimwambie, maana Bibi neno halikumkaa kifuani, na hili likimfikia Mama atajilaumu maisha yake yote. Naandika kwa penseli ili nikiogopa niweze kufuta.

Ni wiki ya nane tangu tukuzike. Banda lako la uani bado linanuka nta na madini ya risasi uliyokuwa ukiyeyusha kutengenezea risasi za bunduki yako. Mafundi pancha wa Bombolulu bado wananiwekea vile vipande vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu. Nashukuru, napokea, natia katika ndoo. Sijaweza kuwaambia waache. Ile sufuria yako uliyoiandika kwa rangi nyekundu SI YA MCHUZI ipo pale pale karibu na jiko. Huko ofisini Changamwe nimegonga muhuri juu chini kwenye hati za meli mara mbili wiki hii, na mwenzangu wa dirisha la pili akanicheka: "Karani, leo meli zako zaondoka bandarini kichwangomba." Nilicheka naye, kisha nikaenda chooni nikalia.

Babu, wewe ulinifundisha mimi, msichana, wakati watu walikuwa wakikuuliza kama umekosa wajukuu wa kiume. Uliwajibu, "Hawa wa kiume wana haraka. Huyu ni mwoga. Baruti yataka mwoga." Ukanionyesha kalibu ya kumiminia vichwa vya risasi, ukanionyesha kwa nini vichwa hivyo viwe bapa: ndani ya bunduki yako risasi hulala foleni, kichwa cha hii kikigusa kitako cha ile, na kichwa chenye ncha chaweza kuwasha fataki iliyo kitakoni mwa mwenziwe. Ukanifundisha kuanza na kipimo cha chini kabisa cha baruti kitabuni, kupanda kidogo kidogo, na kuacha mapema. "Bunduki hii ni bibi kizee," ulikuwa ukisema huku ukiuvuta wenzo wake taratibu. "Haamrishwi, aombwa."

Na ile kanuni yako kubwa. Maganda matupu ya risasi yalale kifudifudi kwenye ubao wa matundu. Ganda likishapata baruti, ndipo ligeuzwe mdomo juu. Kisha kumulika ndani kwa tochi, ganda moja moja, kabla ya kupachika kichwa. Na mtu akikuita usiitike. "Hata akiwa gavana."

Jumamosi ile uliniachia ubao kwa mara ya kwanza. "Leo fundi ni wewe, mimi ni mteja," ukasema, ukaenda kuswali adhuhuri. Nilifurahi, nikaanza kazi hapo hapo. Nilikuwa nimeshika ganda mkononi Mama alipoita kutoka jikoni.

"Aisha! We Aisha!"

"Abee, Mama!"

Nikainuka. Babu, ni nani katika nyumba yetu aliyewahi kuitwa na mamake akanyamaza? Mdomo uliitika kabla sijafikiri. Nikaliweka ganda mezani, mdomo juu, nje ya ubao, nikaenda kumsaidia kuepua wali. Niliporudi nililikuta ganda limesimama peke yake, nikalimiminia baruti, nikaendelea. Na tochi sikuishika. Nilitaka urudi ukute zote hamsini zimekwisha.

Alasiri, Mama alinimiminia chai katika kikombe ambacho tayari kilikuwa na chai, ikafurika kwenye sahani. Hapo mkono wangu ukakumbuka. Lile ganda nilikuwa nimeshalijaza.

Chai hufurika, ikakuonya. Baruti yetu ilikuwa kidogo ndani ya ganda kubwa, kipimo cha pili kikaingia kimya. Na chuma cha bunduki chenyewe kina umri kuliko wewe; kipimo mara mbili kingekipasua usoni mwa mpigaji.

Sikusema. Uliziangalia zile risasi zilivyopangika, ukanishika kichwa ukaniambia, "Mashallah." Ningesemaje baada ya hapo? Nikajipa moyo kwamba nitasema kesho. Jumanne presha ikakupanda, ukalazwa. Nilikuwa nakukanda miguu ukafungua macho ukaniuliza, "Aisha, una neno la kuniambia?"

Nikasema, "Sina, Babu."

Ukanitazama kidogo. Ukafumba macho. Alhamisi ukatutoka.

Bunduki na zile risasi zikapelekwa kituo cha polisi, nami, Mungu anisamehe, nilishukuru. Niliomba zikae huko milele. Lakini wiki hii Mjomba Nassor amepata kibali chake cha kumiliki bunduki, wamemkabidhi. Jana asubuhi alikuwa kibarazani amevaa kanzu yako ya kijivu, kisanduku cha risasi kipo magotini.

"Nakwenda uwanja wa shabaha," akasema. "Nizipige hizi za mwisho za baba. Mkono wake huu, sitaupata tena."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nikamwambia. "Si mkono wake, Mjomba. Ni wangu. Na moja ina baruti mara mbili, wala sijui ni ipi."

Akakiweka kisanduku chini. Kisha akasema, "Ungeniacha niende?" Nikalia. Akasimama. "Haya, inuka. Lete mizani. Kulia hakupimi kitu."

Tulizifungua zote, moja moja, tukapima baruti yake. Hamsini, Babu, na zote sawa, hazikupishana hata punje. Mjomba akaniambia labda niliota. Lakini mimi naujua mkono wangu. Nikachukua daftari letu, ambamo mimi huandika vipimo nawe hutia neno pembeni kwa herufi za Kiarabu. Sikuwa nimeligusa tangu Jumamosi ile. Nikasoma polepole kwa kidole, kama chuoni:

"Jumapili. Nimezipima. Moja ilikuwa mbili. Nimezifungua zote, nimezijaza upya. Simuulizi. Atasema mwenyewe."

Kwa hiyo ulijua. Ulipofungua macho ukaniuliza, ulikuwa unajua. Ulinifungulia mlango, nami nikaufunga kwa mkono wangu.

Nimesema, Babu. Nimemwambia mwanao badala yako, na nimechelewa. Siwezi... Basi. Naahidi hili tu: kosa langu halitalala tena, wala tochi sitairuka. Na Mama hatajua aliniita wakati gani.

Pumzika, mwalimu wangu. Ukitaka kunijibu, mpaka saa kumi na moja jioni nipo ofisini, dirisha la tatu. Ijumaa nipo kaburini kwako, upande wa miguu. Jumamosi nipo bandani, mlango nimeuegesha tu. Ukinikuta nimeshika ganda, niite, lakini ngoja. Nitamimina, nitaligeuza, nitalimulika. Kisha nitaitika: abee.

Mjukuu wako,
Aisha