Kikao cha Mafuta ya Karakana na Bawaba za Geti

UMOJA WA WATUMIAJI WA KARAKANA YA UANI

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumapili, tarehe 9 mwezi wa sita, ndani ya karakana, kuanzia saa nne asubuhi.

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti – mstaafu, zamani dereva wa greda
Seremala – mwenye benchi
Shangazi – mshonaji, dada yake Seremala
Grisi – fundi baiskeli
Katibu – mpakua mizigo wa zamu ya usiku, chumba cha kando ya geti

ASIYEHUDHURIA
Fundi redio – hakutoa udhuru. Redio yake ilisikika.

ALIYEKUWEPO ASIYE MJUMBE
Mke wa Seremala – alikaa mlangoni mwa karakana akikunja vitambaa.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe waseme kwa zamu. Aliwakumbusha kuwa kikao kilichopita kilivunjika kwa sababu ya bisibisi.

KUMB. NA. 2/6: YATOKANAYO – KUFULI LA KABATI
Ilielezwa kwamba kufuli la kabati la vifaa liligoma tena, likafunguliwa kwa nyundo. Grisi alisema aliyelitia oili chafu ndiye aliyeliua, kwa kuwa vumbi la mbao hushikana na oili likawa tope. Kufuli hutiwa unga wa penseli, basi. Mwenyekiti alijibu kwamba oili chafu imepasua njia milimani, haiwezi kushindwa na kufuli. Grisi alisema, "Mzee wangu, greda ni greda, kufuli ni kufuli."

Mwenyekiti aliomba jambo hilo lisiandikwe. Limeandikwa kwa kuwa kufuli ni la wote.

KUMB. NA. 3/6: CHEREHANI YA SHANGAZI
Shangazi alieleza kuwa cherehani yake ilikaza hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Ilipofunguliwa, ndani yalikutwa mafuta ya kupikia yaliyoganda kama gundi. Alisema chupa ya jikoni ilikuwa juu ya meza ya cherehani, na kila mtu anajua nani aliiacha pale.

Seremala alisema, "Taja jina, dada." Shangazi alijibu kwamba hana haja ya kutaja, mwenyewe amekaa mlangoni.

Kwa faida ya atakayesoma: Mke wa Seremala alifanya kazi ya kushona tangu usichana wake, kiwandani na nyumbani, na ndiye aliyemfundisha wifi yake Shangazi. Sasa kusahau kumemzidi.

Grisi, aliyeiosha cherehani hiyo kwa mafuta ya taa, aliomba jambo moja liandikwe. Matundu yote yalikuwa yametiwa tone mojamoja, hata lile la chini ambalo yeye mwenyewe hulipita. Alisema mafuta yalikuwa mabaya, mkono haukuwa mbaya.

Shangazi alisema tundu hilo la chini alionyeshwa na wifi yake huyo huyo, na siku alipolisahau alichapwa futi ya mbao kwenye vidole. Wajumbe walicheka. Mke wa Seremala naye alicheka, akaendelea kukunja.

Shangazi aliondoa lalamiko lake.

KUMB. NA. 4/6: MAFUTA GANI KWA KITU GANI
Ili yasijirudie, ilikubaliwa kama ifuatavyo.

Mafuta mepesi ya cherehani yatumike kwa cherehani na mikasi. Seremala aliomba apewe kidogo ya kufutia randa zake, maana oili ya gari ikigusa randa huacha doa kwenye ubao na rangi haishiki tena. Alikubaliwa. Minyororo ya baiskeli itiwe oili safi, kisha ifutwe kwa kitambaa, kwa sababu mafuta yanayobaki nje hayana kazi ila kukusanya mchanga. Grisi yenyewe ni ya vyuma vizito vinavyobeba uzito na kuzunguka polepole, kama skrubu ya jiliwa linalobana ubao kwenye benchi.

Kuhusu kopo la kupuliza, Grisi alisema watu wanalitumia kama uji wa mgonjwa, kila kitu kinapewa. Lile ni la kulegeza nati iliyoshikwa na kutu. Likishalegeza, hukauka, na mtu hudhani amekwisha kutia mafuta kumbe ameosha tu.

Mafuta ya kupikia yasivuke mlango wa karakana. Shangazi atatunza kabati. Oili chafu iruhusiwe kwa majembe na sepetu peke yake. Mwenyekiti alisema kila ndege huruka kwa ubawa wake, ila aliomba ieleweke kwamba oili chafu nayo ina ubawa.

KUMB. NA. 5/6: BAWABA ZA GETI
Hoja hii ililetwa mwezi uliopita na Katibu. Geti lilikuwa likilia kila likifunguliwa, na yeye hulala mchana. Grisi aliripoti kwamba Alhamisi alichomoa pini za bawaba zote mbili, akazisugua na kuzipaka grisi nzito. Alisema sasa hata paka hasikii. Katibu alithibitisha kuwa alilala vizuri.

Seremala aliomba nafasi. Alieleza kwamba yeye hufanya kazi amelipa geti mgongo, na ule mlio ndio uliokuwa ukimwambia mkewe anatoka. Ukilia, hugeuka. Ijumaa haukulia. Mkewe alipatikana jioni ng'ambo ya reli, mbele ya kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani, akingoja zamu ifunguliwe.

Alisema mwanawe amepiga simu. Mama akipotea tena, atakuja kumchukua akaishi kwake, ambako watu huondoka asubuhi na kufunga mlango kwa nje hadi warudi. Seremala alisema, "Mimi sikuoa mfungwa." Aliomba geti lirudishiwe mlio wake.

Mwenyekiti alipendekeza kengele. Shangazi alisema ilishajaribiwa. Wifi yake aliifungua akaitia mfukoni, akisema si ya geti lile. Mlio wa bawaba ameuzoea, haumshtui. Kufuli lilikataliwa kwa kuwa wapangaji huingia na kutoka kwa zamu, na pia kwa kuwa kufuli lenyewe linajulikana hali yake.

Katibu alisema hoja ilikuwa yake na bado ana haja nayo. Asiyelala hubebwa na mzigo badala ya kuubeba. Mwenzake aliangukiwa na gunia wiki iliyopita kwa kusinzia. Aliomba hayo yaandikwe.

Shangazi alimuuliza, "Mwanangu, kwenu kuna geti?" Katibu alisema kwao kuna mlango wa bati, nao hulia. Mama yake hulala nyuma ya mlango huo. Sasa ni miaka Katibu hajui nani anaufungua. Alisema hana la kuongeza.

Grisi alisema maisha yake yote amelipwa kunyamazisha vyuma. "Leo mnanituma nikakifundishe chuma kulia?" Shangazi alimjibu, "Si ulikifundisha kunyamaza kwa asubuhi moja? Kirudishe shule."

Iliamuliwa: bawaba ya juu ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, inyunyiziwe maji ya chumvi na iachwe bila mafuta yoyote. Ya chini ibaki na grisi, ili mlio uwe nusu. Seremala atamtengenezea Katibu ubao wa kuziba dirisha la upande wa geti. Katibu hakupinga.

Kikao kilisimama Grisi akafanye kazi. Alipomaliza, Mwenyekiti alifungua geti na kulifunga mara kadhaa. Halikulia. Grisi alisema kutu haiagizwi dukani, inakuja kwa miguu yake.

Iliulizwa nani atalisikiliza geti mchana hadi kutu ije. Katibu alisema atavuta godoro hadi kizingitini na kulala mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

KUMB. NA. 6/6: MENGINEYO
Mwenyekiti alitaka kurudi kwenye bisibisi. Wajumbe walisema wana njaa.

KUMB. NA. 7/6: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa saba kasorobo. Mke wa Seremala alimkabidhi Shangazi vitambaa vyote vikiwa vimekunjwa, akamwambia ahesabu kabla bosi hajaja. Shangazi alivihesabu.

KUTHIBITISHWA
Kumbukumbu hizi zilisomwa katika kikao kilichofuata. Mwenyekiti aliomba tena habari ya kufuli iondolewe. Ilikataliwa.

Akiwa anatia saini, geti lililia. Ulikuwa mlio mfupi, wa bawaba ya juu peke yake. Grisi alisema, "Huyo!" Seremala alikuwa ameshaacha randa na kutoka. Mwenyekiti aliinua kalamu kutazama, kwa hiyo saini yake imeishia katikati. Wajumbe wameikubali hivyo ilivyo.

MWENYEKITI: (saini, nusu)

KATIBU: (saini, ilitiwa baada ya Seremala na mkewe kurudi ndani na geti kulia mara ya pili)