Kaburi Nyuma ya Mashine

Baba,

Shikamoo. Naisema kila asubuhi nikipita kaburini kwako kwenda kufungua mashine ya kusaga, na kila asubuhi nangoja marahaba yako kama mjinga.

Daraja limefunguliwa, Baba, lile ulilosema litatuletea wateja mpaka tuwakimbie. Wapi! Magari hayasimami tena hapa Busisi kungoja kivuko. Yanapita tu, vuuu, hao Geita. Kaka Masanja akaona tuuze, kila mtu ashike njia yake. Nisikufiche, nilikubali haraka. Nilishapata chumba Igogo, Mwanza mjini, nikaona na kibaraza cha kuweka cherehani yangu. Mimi na wanangu tulikuwa tumefunga hadi vyombo.

Mnunuzi akapatikana, akamtuma mthamini kutoka mjini. Binti mdogo, ana adabu. Akapima banda kwa futi kamba, akakagua mota, kinu na mzani. Akasoma maandishi yako ya mkaa ukutani, kila siku uliyobadilisha chekeche. Nikacheka peke yangu, nikikumbuka ulivyonifokea siku niliyoyafuta nikidhani ni uchafu. Akasema, "Mzee alikuwa makini." Nikavimba kichwa. Halafu akazunguka nyuma, kwenye uzio wa minyaa, akakukuta.

Aliuliza kaburi ni la nani. Nikamwambia ni la mwenye mashine. Akaandika. Jioni mnunuzi akampigia kaka simu: yeye alitaka ghala la saruji, hawezi kulinda marehemu wa watu.

Baba, ni mimi. Unajua ni mimi. Siku ya msiba ukoo wote ulitaka ukapumzike Bujora, kando ya babu. Nikajitupa chini, nikagaragara, nikasema hutoki hapa, utalala unapoisikia mashine yako. Wazee wakanihurumia: "Mwacheni binti, ndiye aliyemuuguza." Nikashinda. Eti nilishinda! Kumbe lile shimo lilikuwa letu wawili.

Sasa Masanja anataka tukuhamishe. Siwezi kuvumilia majembe juu yako. Nilipokataa akanijibu, "Basi wewe uliyemweka, kaa naye." Hajapiga simu tena. Chumba cha Igogo kapewa mtu mwingine. Vyombo nimevifungua. Nakaa mlangoni nangoja debe la mahindi. Siku nyingine linakuja moja, siku nyingine hakuna kitu. Na kuna siku nakuchukia, Baba. Haya, nimesema. Nakuchukia mpaka mchana, halafu nachukua ufagio nafagia kaburi lako.

Ulikuwa ukiniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, mashine ikikohoa usiipige, isikilize kwanza." Siku hizi inakohoa sana. Naisikiliza, lakini sijui inataka nini, na wewe ndiye uliyekuwa unajua.

Kwaheri, Baba. Pumzika, hakuna atakayekugusa nikiwa hai. Kesho nitaiwasha hata kama hakuna mahindi, ili uisikie. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Ahadi ya pili ni kwa ajili ya wanangu. Nimewaita wote wawili, nimewaapisha: siku yangu ikifika wanipeleke Bujora kwenye makaburi ya ukoo, hata alie nani, hata agaragare nani.

Binti yako,
Kabula