Sasisho Lililotutoa Hadharani

San Andrés Guelaviche,
Oaxaca.
19 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Hermilo,

Habari za huko Oregon, na hiyo baridi inawatendeaje? Wifi Noemí mgongo umepoa? Wanao bado wanakula tortila, au wamehamia kwenye mkate moja kwa moja? Sisi huku ni wazima. Mama ana miaka themanini na moja na meno saba, na bado kila asubuhi anagombana na kuku, mmoja mmoja kwa jina lake. Goti humsumbua wakati wa mvua, lakini mvua zimekwisha, kwa hiyo sasa hana kisingizio.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa dada mwenye kompyuta mezani. Nimempa don Wenceslao, yule mbeba vifurushi, pamoja na mchuzi wa mole wa Mama na panzi wa kukaanga. Akikwambia panzi wamebaki mpakani, mtazame meno. Naandika kwa mkono kwa sababu kompyuta siiamini tena na mambo ya ndani ya nyumba. Ukifika mwisho utanielewa.

Unakumbuka nilikwambia jina lako lingesomwa kwenye mkutano mkuu wa Jumapili iliyopita. Miaka kumi na minne hujashika zamu ya utumishi wa kijiji, na kanuni zetu unazijua: asiyetumikia hufutwa kwenye orodha, na aliyefutwa hana kiwanja hapa, wala nafasi makaburini pembeni ya baba yake. Mama alikuwa halitaji jambo hilo, ila alianza kuacha chakula sahanini. Mimi nilicheka mbele yake na kulia nyuma ya tanuri. Sikukwambia, nakwambia sasa.

Basi Jumanne kabla ya mkutano, kompyuta ikaniletea ujumbe katikati ya skrini: sasisho liko tayari, sasisha sasa. Mimi nimetangaza kwenye vipaza sauti vya kijiji hiki miaka kumi na moja. Tamale za moto ziko kwa doña Chabela, ng'ombe mwekundu kapotea, kesho ni kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Tangazo likinijia, mimi nalitangaza. Nikawasha mtambo nikasema mara tatu, kama ilivyo desturi, kwamba wote wenye zile kompyuta saba mlizotutumia ninyi mlioko huko wanaombwa kusasisha leo hii, bila kukosa.

Usicheke bado. Watu wetu unawajua, wakiitwa kwenye kazi ya pamoja hakuna anayetaka kuonekana mvivu. Saa tano asubuhi zote saba zilikuwa zinasasisha kwa mkupuo kwenye ile antena moja ya kijiji, na mwalimu Yolanda aliwaruhusu wanafunzi watoke nje kuisubiri ya shule kama wanasubiri mkate uive. Ilichukua mpaka alasiri.

Kesho yake ndipo yalipoanza. Printa ya ofisi ya kijiji ilikataa kumtambua katibu Abundio, naye ndiye aliyetakiwa kuchapa orodha ya mkutano. Skrini ya mwalimu Yolanda ililala ubavu, akawa anaisoma kwa kuinamisha shingo. Yangu iliigomea printa, na saa yake ikarudi nyuma saa moja. Mama akasema hatimaye imepata akili, maana yeye ile saa ya serikali ya kusogezwa mbele hakuikubali tangu zamani.

Nikakupigia kwa kompyuta hiyo hiyo. Nilivaa vile visikizi vya masikioni ulivyonitumia, mlango nimeufunga, na nyumba ya pili bendi ilikuwa inafanya mazoezi ya sikukuu ya San Andrés, wanalipiga lile tuba mpaka vikombe vinatetemeka. Mtambo wa matangazo, ambao umeungwa na kompyuta, nilikuwa nimeuacha umewaka kwa ajili ya tamale za Chabela. Vipaza sauti vyenyewe, tangu majirani walalamike, viko kule mlimani kwenye tangi la maji. Sasa mimi ningesikia nini?

Ulinifundisha kwa subira, mdogo wangu, nami nakushukuru. Nisifute kitu. Nifungue mipangilio, niiondoe printa kama vile sijawahi kuijua, niizime, nihesabu mpaka thelathini, niiwashe, kisha niikaribishe upya kama mgeni. Nikakutajia na ya Yolanda, ukanipa vitufe vya kubonyeza ili skrini isimame. Na ikishindikana kabisa nirudishe toleo la zamani, ila zisipite siku kumi.

"Umebonyeza?" uliniuliza.

"Nimebonyeza."

"Umebonyeza, au umegusa tu?"

Nilikuwa nimegusa tu. Wewe unanijua mno.

Tulipokuwa tunahesabu ile thelathini ukauliza habari za mkutano, nikakwambia mkuu wa kijiji, Crisóforo, ameshasema kanuni ni kanuni. Ukawaka. "Crisóforo huyu huyu? Aliyetumbukia kwenye pipa la kinywaji cha tejate siku ya harusi ya dada yake, nikamvuta mimi kwa mkanda wa suruali? Leo ndiye wa kunifuta?" Mimi nikacheka mpaka nikapoteza hesabu. Kisha ukasema polepole: "Dada, waambie wanipe kazi yoyote, hata ya kufagia kanisa. Sikukataa kutumikia. Nikivuka mpaka kuja huko, kurudi kwa wanangu bila vibali sitaweza, basi. Lakini mimi ni wa huko."

Mara printa ikanguruma, ikatoa karatasi. Ukasema umechelewa kazini, tukaagana.

Sasa Hermilo, kaa chini.

Sijavua hata vile vya masikioni, mlango ukagongwa kama kuna moto. Chabela huyo, aproni imejaa unga. "Frosina! Katibu anauliza, Hermilo anaweza kurudia ile ya kuondoa printa? Mbwa walikuwa wanabweka, hakuisikia vizuri!"

Nikamuuliza kaisikia wapi.

"Mama wee! Si hewani huko! Kijiji kizima tumesikia. Ya mwalimu imesimama wima, ya duka la dawa imekubali, na mimi sina hata kompyuta lakini nimehesabu mpaka thelathini!"

Lile sasisho, mdogo wangu, lilikuwa limevuruga namna ulivyozitenganisha sauti zamani, za simu ziende masikioni na za matangazo ziende kwenye mtambo. Zikawa zinatoka kotekote, masikioni mwangu na kule mlimani, yako na yangu. Mipangilio, pipa, mkanda wa suruali, kufagia kanisa. Yote. Nilikaa kitandani nikajifunika mtandio wangu wa rebozo usoni kama bibi harusi aliyekimbiwa.

Mama alikuwa kwenye kinu cha kusaga mahindi. Walionisimulia ni wale wanawake wa foleni. Wanasema ulipoanza kuongea mwenye kinu alizima mashine, na Mama akakaa juu ya gunia, ndoo ya mahindi miguuni. Hukuwahi kusikika kijijini hapa tangu uondoke. Ulipofika pale pa kusema wewe ni wa huku, hakulia, aliwaambia tu wenzake: "Mnasikia? Huyo ni wangu." Alirudi nyumbani akala sahani mbili.

Jumapili tukaenda mkutanoni, mimi nimekaa nyuma kabisa karibu na mlango ili nikimbie. Katibu alisoma orodha, iliyochapwa vizuri sana, nashukuru. Alipofika jina lako akamgeukia mkuu. Crisóforo akasimama.

"Kwanza," akasema, "kuhusu lile pipa. Halikuwa la tejate. Lilikuwa la chokoleti."

Watu waliangua kicheko, hata padri. Akangoja kitulie. Akasema kanuni yetu ni kutumikia, haikutaja mtu asimame wapi wakati anatumikia, na kwamba Jumatano ile mtu mmoja alifanya kazi ya kijiji asubuhi nzima, kijiji kikamsikia, na kompyuta saba zikapona. Akauliza kama kuna anayeweza kusema hakusikia. Mzee Eleuterio, ambaye ni kiziwi, akainua mkono, akakalishwa.

Waliompinga walikuwepo, nisikufiche. Doña Delfina alisema ikianza kwako kila aliyeondoka atataka kutumikia kwa simu, na hakukosea sana. Waliongea muda mrefu. Ndipo Mama akainuka, na goti lake lile. Hakuomba. Alisema: "Mliomba mtu wa kazi. Ameomba kazi. Mnangoja nini?" Akaketi. Mikono ikainuliwa, na katibu alihesabu mara mbili: mia na kumi na mbili wakakubali, tisa wakakataa.

Umepewa zamu ya mwaka mzima, kuanzia tarehe moja Januari: mtunzaji wa kompyuta za kijiji. Kila sasisho likitokea utalijaribu wewe kwanza huko, utuambie limekuja na ugonjwa gani na dawa yake, ndipo mimi nitangaze. Mimi nimekatazwa kutangaza lolote ambalo kompyuta yenyewe inataka. Barua ya uteuzi imo humu, ina muhuri, na kama unavyojua zamu haikataliwi. Jina lako limebaki kwenye orodha, mstari wa sitini na tatu, chini ya la marehemu Baba.

Nisalimie sana Noemí, uwabusu Itzel na Ramiro kwa niaba ya shangazi yao, na umwambie binamu Gaudencio mama yake amepona jino. Chabela anakusalimu. Crisóforo pia, anasema utamlipia aibu kwa pombe ya mezkali utakapokuja, na alisema utakapokuja. San Andrés akushike mkono kazini na barabarani, na Mungu akuzeeshe vizuri.

Neno la mwisho. Wateule wote huapa mbele ya watu tarehe moja Januari saa sita mchana, na wewe utaapa kutoka huko. Najua utaniuliza kama ile hitilafu ya sauti bado ipo ili uirekebishe. Nyingine zote zimekwisha, imebaki hiyo moja tu. Mama amekataza isiguswe. Siku hiyo ataweka kiti chake nje uani, uso kwa mlima, angoje uongee.

Dada yako akupendaye, pamoja na makelele yake yote,

Eufrosina